Makadirio ya Kuhama na Hesabu ya Mwisho

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Mtu analeta michoro, nami namwambia jengo lake litamla kiasi gani kabla hata jembe halijagusa ardhi: saruji mifuko mingapi, nondo tani ngapi, mafundi siku ngapi. Jengo likisimama tunarudi mezani na mkandarasi kufanya hesabu ya mwisho. Tunapita kipengele kwa kipengele, nilichokadiria huku, kilichotumika kule. Wenzangu wengi hawakipendi kikao hicho kwa sababu ndipo makosa yako yanapoanikwa mchana kweupe. Mimi nakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi yangu.

Karatasi ninayotaka kuipitia hapa si ya jengo. Ni ya watu wanne: mimi, mke wangu, binti yetu aliyekuwa na miaka 14, na mdogo wake wa miaka 9. Ilihusu kuhama jiji. Tulihama, nalisema mapema lisikukalie kichwani unaposoma. Leo tuko mwezi wa 26. Karatasi yenyewe ninayo bado, imekunjwa mara nne na imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nafasi ilikuja hivi. Ofisi moja katika jiji jingine, safari ya siku nzima kwa basi, iliniita niwe mkuu wa idara. Mshahara ungepanda kwa theluthi moja. Cheo chenyewe nilikuwa nimekisubiri miaka sita pale nilipokuwa, nikipitwa na vijana niliowafundisha kazi mwenyewe. Wakanipa wiki tano nijibu. Wiki ya kwanza kichwani nilikuwa nimeshahama. Natembea ofisini kama mtu aliyekuja kuaga, nawasamehe watu makosa yao ya zamani. Nilipomweleza mke wangu, aliacha mashine ya cherehani, akaniangalia, akasema, "Umeniuliza au umenitaarifu?"

Ndipo nikachukua karatasi.

Njia niliyoitumia si yangu. Mwaka 1772, Joseph Priestley, mchungaji wa kanisa moja mjini Leeds, Uingereza, na mtu aliyependa sana majaribio ya sayansi, aliitwa na bwana mkubwa aitwaye Lord Shelburne akamfanyie kazi ya kutunza maktaba na kusimamia elimu ya watoto wake. Kukubali kulimaanisha kung'oa familia na kuhamia kwingine. Priestley akamwandikia rafiki yake Benjamin Franklin kuomba ushauri. Jibu lililoandikwa tarehe 19 Septemba halikumwambia aende wala asiende. Franklin alisema hana habari za kutosha kumwamulia, ila anaweza kumweleza namna ya kuamua: chora mstari katikati ya karatasi, upande mmoja sababu za kukubali, upande wa pili za kukataa. Usiandike zote kwa mkupuo. Jipe siku tatu au nne, kila sababu inayokujia iandike. Kisha zipime uzito. Sababu mbili zenye uzito sawa, moja huku na moja kule, zifute zote. Moja ikilingana na mbili za upande wa pili, futa tatu. Endelea hivyo mpaka uone mizani imelalia wapi, halafu ngoja siku moja au mbili uone kama kuna jipya.

Kwa mtu wa kazi yangu, hiyo ni sawa na kumpa samaki maji. Nilichora mstari kwa rula. Sababu za kwenda zikafika 11, za kubaki 9, na kila moja nikaipa uzito kuanzia 1 hadi 10. Cheo, 8. Mshahara, 8. Shule ya watoto, 7. Hali ya hewa, 5, maana lile jiji lina upepo mzuri na tulikokuwa ni joto la kukosesha usingizi. Upande wa pili: foleni za asubuhi, 7. Wateja wa mke wangu, 4. Mama yangu, anayeishi peke yake mtaa wa tatu kutoka kwetu, 9.

Siku ya nne, baada ya kufuta na kufuta, mizani ililalia kwenda, kwa pointi mbili. Nikamwonyesha mke wangu kama mwanafunzi anayepeleka daftari kwa mwalimu. Yeye alikuwa ameiona karatasi hiyo siku ya pili, ikiwa juu ya meza. Akaishika, akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Baba watoto, mama amepona tangu juzi?"

Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidole. Pale penye mama palikuwa na 9 iliyokwanguliwa kwa wembe, na juu yake 6.

Naapa sikumbuki nikiikwangua. Nakumbuka tu kwamba jioni ile nilijisemea mama ana dada yangu karibu, na simu zipo, na watu wengi wanaishi mbali na wazazi wao. Yote kweli. Lakini yalikuwa kweli juzi yake pia, nilipoandika 9. Kilichobadilika ni kwamba hesabu ilikuwa imeanza kulalia upande nisioutaka. Kazini nikimkamata kijana amepunguza kipimo cha nondo ili jumla imfurahishe mteja, siku hiyo hatakula kwa amani. Mimi nilikuwa nimempunguza mama yangu pointi tatu.

Tangu hapo siamini jumla ya karatasi ile, ila naiamini sana kwa jambo jingine. Ukitaka kujua moyo wako umeshaenda wapi, angalia mkono wako ulirekebisha namba gani. Mimi nilitaka kwenda. Bora nikubali hivyo, kisha tujadili kama ninachokitaka kinawezekana bila kuwavunja wengine, kuliko kujificha nyuma ya rula.

Mke wangu hakuwa na ugomvi na kwenda kwenyewe. Ugomvi wake ulikuwa na ile 4. Amekuwa akishona miaka 11 sehemu moja. Kuna wanawake ambao vipimo vyao anavijua kichwani, anajua nani bega lake la kushoto limeshuka na hapendi litajwe. Mimi niliandika "atapata wateja wapya" kana kwamba wateja ni vitu vya dukani. Akaniambia, "Mashine nitaipakia kwenye gari. Wateja nitawapakia wapi?" Nikataka kubadilisha iwe 7. Akasema niache, asiyejua bei ya kitu asikikadirie.

Binti naye alikuwa na lake. Aliikuta karatasi, akaisoma yote, akaniuliza kwa upole uliozidi kelele, "Baba, mimi niko upande gani wa mstari?" Nikamwambia upande wa kwenda, shule bora, 7. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda chumbani. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Sasa niseme kuhusu kwenda kuliona jiji, kwa sababu hapa ndipo tulipoponea.

Tulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza tulikwenda kama wageni wa ofisi. Tulipokewa, tukalazwa hotelini, tukazungushwa kwa gari jioni kukiwa na ule upepo, tukaonyeshwa mtaa wenye miti mikubwa pande zote mbili. Nilirudi nimelewa. Hali ya hewa nikaipandisha kutoka 5 hadi 7, na safari hii nilijiona nikifanya hivyo.

Mtu aliyenituliza alikuwa rafiki yangu mwalimu wa saikolojia. Aliniambia kuhusu utafiti ambao David Schkade na Daniel Kahneman waliuchapisha mwaka 1998. Waliwahoji wanafunzi wapatao 2,000, wengine wakisoma kusini mwa California kwenye jua na bahari, wengine kwenye majimbo ya kati ya Marekani yenye baridi kali. Walipoulizwa wameridhika kiasi gani na maisha yao, majibu yalilingana. Walipoulizwa kuhusu mwenzao wa upande wa pili, wote, wa huku na wa kule, waliamini wa California ana raha zaidi, na hali ya hewa ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Ukilinganisha miji miwili, unaona kile kinachotofautiana kwa macho. Ukishahamia, macho yanarudi kwenye vyombo vichafu, bosi, na homa ya mtoto.

Mke wangu hakuhitaji utafiti. Yeye alisema tu, "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake," akaniambia niombe likizo ya siku nne, siku za kazi, turudi bila kumwambia mtu yeyote wa ile ofisi.

Tulipanga chumba kwenye mtaa ambao mshahara mpya ungetuwezesha kweli kupanga nyumba. Haukuwa ule wenye miti. Jumanne tuliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri tukajifanya tunaishi pale. Nikavaa nguo za kazini, nikaenda kituoni kupanda basi kwenda kwenye ofisi ambayo haikuwa inanisubiri. Nilisimama dakika 40. Mabasi mawili yalipita yamejaa bila kusimama. Lakini kwa kuwa sikuwa na haraka ya kweli, niliangalia, na nikaona kitu ambacho mtu mwenye haraka asingekiona: watu waliokuwa wamesimama nami walikuwa wanapungua, na si kwa mabasi. Kila baada ya dakika chache gari dogo linapunguza mwendo, mtu anaingia bila kuulizwa anakwenda wapi. Ni majirani, wanachangia mafuta. Nikaliandika hilo pembeni ya karatasi, bila uzito, sikujua ni la upande gani.

Mke wangu siku hiyo alichana upindo wa gauni lake kwa makusudi, akazunguka kwa mafundi watatu kulishona. Hakuwa na shida na gauni. Alitaka kuona fundi ana foleni kiasi gani, kazi zilizotundikwa ukutani ni za aina gani, mteja anaongeleshwaje. Alirudi jioni akiwa na habari ambazo mimi nisingezipata kwa mwaka: kazi kubwa pale ni marekebisho, kupunguza, kubana, kubadilisha zipu, kwa sababu watu wananunua nguo tayari. Wa kushona mpya ni wachache, ila wakimpata fundi mzuri hawana pa kwenda. "Nitaanza chini," akasema. "Miezi sita nitakuwa nashona zipu." Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mkandarasi aliyepima udongo akajua msingi utakwenda mita ngapi.

Tulisimama pia nje ya shule wakati wa kutoka, tukawaangalia watoto wanavyoondoka, makundi au mmoja mmoja. Usiku tukatafuta duka la dawa lililo wazi. Jumatano maji yalikatika. Alhamisi tulikuwa tumechoka na jiji lile kama wenyeji, na hapo ndipo mke wangu aliposema anaweza kuishi pale.

Hata hivyo hatukusema ndiyo hivihivi. Alitoa masharti, nami nilikuwa na ya kwangu ya kupeleka ofisini. Nyumba yetu tusiiuze, tuipangishe, mpaka miezi 18 ipite. Mashine ya cherehani iondoke na mzigo wa kwanza, isisubiri makabati. Mambo yakienda vibaya, hakuna ruhusa ya kusema "nilikwambia," pande zote mbili. Kwa ofisi niliomba mambo matatu niliyoogopa kuyaomba: nianze baada ya mwaka wa shule kuisha, gharama za kuhamisha mizigo ziwe zao, na iandikwe kwenye mkataba nini kitatokea wakiniachisha kabla ya mwaka. La kwanza walilikubali kwenye simu, bila hata kufikiria. Zile wiki tano zilizonikosesha usingizi zilikuwa tarehe ya mtu fulani tu aliyejaza fomu. Mizigo walilipa nusu. La mkataba lilichukua barua tatu, na nisingesaini bila hilo.

Mama nilimwambia mwisho, jambo ninaloliona leo kuwa kosa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nendeni, mwanangu. Mimi si mzigo wa kubebwa wala wa kuachwa." Nikafurahi, nikadhani amenibariki. Sikusikia alichokuwa anakisema.

Basi, hesabu ya mwisho.

Mshahara: theluthi iliyoongezeka ilibaki kama sehemu ya kumi. Kodi ya nyumba ilikula sehemu kubwa, nauli za kwenda kumwona mama zikala nyingine, na miezi sita ya zipu ikamaliza iliyobaki. Sikukosea namba yoyote kwa mbali. Nilisahau tu kwamba mapato ya nyumba yetu yalikuwa ya watu wawili na nilikuwa nimemkadiria mmoja.

Hali ya hewa: wiki ya sita sikuikumbuka tena.

Cheo: ndiyo, kile kile nilichokitaka, na bado nakipenda. Si kila kitu lazima kigeuke somo.

Kuhama kwenyewe kama shughuli sikukipa kipengele kabisa. Nilidhani ni wiki mbili za makasha. Baadaye nilikutana na jedwali la Thomas Holmes na Richard Rahe la mwaka 1967, lile linaloyapa matukio ya maisha alama kwa jinsi yanavyomchosha mtu. Kufiwa na mwenzi wa ndoa ni 100, ndiyo kilele. Kubadili makazi ni 20 tu. Nilikaribia kucheka, mpaka nilipoanza kuangalia kinachofuatana nayo: hali ya fedha kubadilika, 38, majukumu mapya kazini, 29, mazingira ya kuishi, 25, saa za kazi, 20, shule, 20, maisha ya kijamii, 18, kukutana na ndugu, 15. Nilijumlisha kwa mazoea ya kazi: 185. Kipengele kimoja kinaingia mlangoni kwa adabu na wenzake saba wako nyuma yake na mabegi. Mwezi wa tatu nilikuwa naumwa kichwa kila Jumapili jioni, nikidhani ni macho.

Kila jengo ninalolikadiria huwa naweka fungu la dharura, asilimia fulani kwa yale ambayo hakuna mchoro unaoyaonyesha: mwamba chini ya msingi, mvua isiyo ya majira. Mteja akilalamika namwambia asiyeweka dharura anakopa kwa majirani. Kwenye karatasi ya familia yangu sikuweka hata senti ya dharura, si ya fedha, si ya nguvu. Nimekuwa nikimfikiria Priestley. Alikubali, akahamia Calne mwaka 1773, na tarehe 1 Agosti mwaka uliofuata, akiwa kwenye nyumba ya huyohuyo Shelburne, alielekeza jua kwa lenzi kwenye oksidi ya zebaki akapata hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu ya ajabu. Ni oksijeni. Hilo halikuwa kwenye safu ya kukubali. Mwaka 1780 akahamia Birmingham, na 1791 kundi la wenye ghasia likaichoma nyumba yake pamoja na maabara. Hilo nalo halikuwa kwenye safu ya kukataa. Kuhama kwake kwa mwisho, mwaka 1794 kwenda Marekani, sidhani kulihitaji rula.

Watoto. Mdogo alichukua wiki tatu. Wiki ya kwanza alilia, ya pili alinyamaza, ya tatu akaja na kidonda gotini na majina ya watoto sita. Dada yake alichukua mwaka mzima. Nilikuja kusoma, tukiwa tumeshahama, matokeo ya jaribio lililoanza Marekani mwaka 1994, ambapo familia maskini katika majiji matano, yakiwamo Chicago na Boston, zilipigiwa bahati nasibu, na zilizoshinda zikapewa vocha za kupanga nyumba kwenye mitaa isiyo na umaskini mkubwa. Wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz waliwafuatilia watoto wale, na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba waliohama kabla ya kufika miaka 13 walikuja kuwa na kipato cha juu kwa kama asilimia 31 walipokuwa vijana wa miaka ya ishirini na kitu. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Huenda hata walipoteza kidogo. Sisi hatukuwa tunakimbia mtaa mbaya, na wale hawakuwa wanahama jiji kwa jiji, kwa hiyo namba zile sijibandiki. Ila maelezo yaliyotolewa nayatambua: mtoto anapata kitu kwa kila mwaka anaoishi mahali pazuri, na kuhama kwenyewe kuna gharama yake. Wa miaka 9 ana miaka ya kurudisha gharama. Wa miaka 14 anailipa kwa miaka michache iliyobaki. Nilikuwa nimewaandika mstari mmoja, "watoto," kama mifuko miwili ya saruji ya kiwanda kimoja.

Marafiki sikuwaandika popote. Mtu mzima anaona aibu kuandika "marafiki" karibu na "mshahara." Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua kama saa 50 pamoja kwa watu wanaojuana kuwa marafiki wa kawaida, kama 90 kuwa marafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu. Nilipiga hesabu: ukikutana na mtu saa mbili kwa wiki, 200 ni wiki 100. Karibu miaka miwili! Nikaelewa kwa nini jirani zangu walikuwa wema na bado nyumba ilikuwa inasikika tupu.

Na hapa karatasi ilinichekesha. Foleni ya asubuhi, 7, upande wa kukataa. Ile niliyoiona kituoni ndiyo niliyokuja kuiishi: jirani wa nyumba ya pili alinichukua kwenye gari lake wiki ya pili, tukawa tunachangia mafuta, dakika 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano. Hizo ni zaidi ya saa nane kwa wiki. Kufikia mwezi wa sita tulikuwa tumevuka 200 bila mmoja wetu kujua. Ndiye rafiki pekee wa kweli niliyempata hadi leo, na tulipatana tukiwa tumekwama nyuma ya lori la mchanga.

Kilichobaki ni mama, na hapa hesabu yangu haifungi.

Mwezi wa saba mama aliteleza bafuni usiku. Dada yangu alimkimbiza hospitali, akakaa naye hadi kukapambazuka, akaenda kazini hivyohivyo. Mimi alinipigia saa tatu asubuhi. Nikamfokea, nikamwuliza kwa nini hakuniambia usiku. Akasema, "Ungefanya nini, kaka?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, na sikuwa na jibu. Mfupa haukuvunjika, mama alirudi nyumbani siku ya tatu, na mimi nilifika siku ya nne.

Kwenye kazi yetu kuna ujanja wa kuifanya jumla yako ionekane nzuri: unahamishia gharama kwenye mkataba wa mtu mwingine. Jengo linamalizika ndani ya bajeti, na mkandarasi wa pili anashangaa mzigo huu umemfikaje. Ndivyo nilivyomfanya dada yangu. Ile 9 iliyogeuka 6, zile pointi tatu hazikuyeyuka. Kuna mtu anazibeba, jirani na mama, usiku, akiwa na watoto wake. Wakati tunaamua, jina lake lilitajwa kama sababu ya kwenda: "dada yuko karibu." Hakuna aliyempigia simu kumwuliza kama anakubali kuwa sababu.

Tuliongea baadaye, mimi na yeye, siku nzima. Sasa namlipia msichana wa kumsaidia, na kila baada ya miezi mitatu mimi huenda kukaa na mama siku tano ili yeye apumzike kabisa, asipike huko wala asipite. Fedha inatosha. Sijui kama hizo siku tano zinatosha. Nikimwuliza anasema zinatosha, kwa sauti ileile mama aliyosemea "nendeni."

Miezi 18 ilipopita tulikaa, kama tulivyoahidiana. Mke wangu ana wateja 30 na kitu, na wa zipu amewaachia fundi kijana aliyemwajiri. Binti alisema tusiguse chochote kabla hajamaliza shule, kuhama mara mbili hataki. Tukaipangisha nyumba ya zamani mwaka mwingine. Hatujaiuza.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa idara yangu aliitwa kazi kwenye jiji la tatu. Alikuja ofisini kwangu na karatasi yenye mstari katikati. Mambo haya yanaambukiza. Nilitafuta palipokwanguliwa, sikuona, bado alikuwa siku ya kwanza. Nikamwuliza Jumanne yake ya huko itaanza saa ngapi. Hakujua. Nikamwambia aombe likizo aende akaitafute, na asimwambie mwenyeji yeyote.

Juzi alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Mzee, nimesimama kituoni dakika 40, mvua inanyesha, na basi lililopita halikusimama. Nirudi hotelini?"

Nikamwambia asiondoke kwanza. Aangalie waliosimama naye, wanapungua vipi.